Mpango na Utungaji wa Papo kwa Papo katika Tiba ya Muziki

Utangulizi

Sogora wa ngoma hajui mapema kila pigo atakalolipiga usiku wa sherehe, wala haendi uwanjani bila matayarisho. Ngozi ameiwamba na kuipasha moto. Anajua ngoma ipi huanzwa kwa pigo gani. Anawajua wachezaji wake na anajua pa kukoleza na pa kupoza. Yaliyobaki humjia pale pale, kwa kutazama miguu ya wachezaji na kusikiliza sauti za wapokezi. Pakikosekana matayarisho, ngoma huharibika kabla haijakolea. Yakikosekana masikizi, ngoma huendelea kulia lakini wachezaji huondoka mmoja mmoja.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mambo hayo mawili, yaani mpango na utungaji wa papo kwa papo, yanavyohusiana katika taaluma ya tiba ya muziki. Kwanza yatafafanuliwa maneno yanayohitajika. Kisha litaelezwa chimbuko la taaluma yenyewe, namna ya kupanga kikao, na mbinu za kutunga wakati kikao kinapoendelea. Sehemu ya mwisho itaangalia suala linalowahusu zaidi wanafunzi wa lugha: mtu aliyepoteza usemi hurejeshewaje maneno kwa njia ya wimbo, na Kiswahili kina nini cha kuchangia katika kazi hiyo.

Istilahi

Tiba ya muziki ni matumizi ya muziki yanayofanywa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, ndani ya uhusiano baina yake na anayetibiwa, kwa lengo la afya lililowekwa wazi. Kwa maana hiyo, kumfungulia mgonjwa redio wodini ni jambo jema, lakini bado si tiba ya muziki, kwa kuwa redio haimsikilizi mgonjwa.

Anayetibiwa ataitwa hapa mteja. Watu wengi siku hizi hulifahamu neno hili kwa maana ya mnunuzi wa dukani, lakini katika lugha ya waganga wa pwani limetumika pia kwa mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga. Kwa hiyo neno hili halina ugeni wowote katika uwanja wa tiba. Anayeendesha kikao ataitwa mtabibu, na utungaji wa papo kwa papo ni ule wa muziki usioandikwa wala kukaririwa kabla, unaozaliwa wakati ule ule unapopigwa au kuimbwa. Jambo hili si geni kwa Waswahili: washairi wanaojibizana ngomani hutunga hivyo, kila mmoja akingojea neno la mwenziwe ndipo apate lake.

Chimbuko la taaluma

Kutibu kwa muziki ni kazi ya kale katika mataifa mengi, lakini taaluma yenye mafunzo na shahada zake ilianza kujengwa katikati ya karne ya 20. Nchini Marekani, chuo cha jimbo la Michigan kilianzisha mafunzo ya shahada mwaka 1944, na chama cha taifa cha watabibu wa muziki kikaundwa mwaka 1950. Katika miaka hiyo ya 1940 daktari wa maradhi ya akili Ira Altshuler alieleza kanuni ambayo bado inatajwa hadi leo: muziki uanze kwa kufanana na hali aliyo nayo mteja, kisha ubadilike kidogo kidogo kuelekea hali inayokusudiwa. Mtu mwenye huzuni hachangamshwi kwa kupigiwa chakacha. Huanza kwa lahani inayoikubali huzuni yake.

Nchini Uingereza, mpiga chelo Juliette Alvin aliasisi chama cha tiba ya muziki mwaka 1958, na mwaka 1968 akaanzisha mafunzo katika Guildhall School of Music and Drama, London. Alvin aliwaachia wateja wake uhuru mkubwa wa kupiga ala wapendavyo. Mwaka 1959 mtunzi wa muziki kutoka Marekani, Paul Nordoff, alikutana na mwalimu Clive Robbins katika makao ya watoto ya Sunfield, Worcestershire, ambako walilelewa watoto wenye ulemavu wa akili. Ushirikiano wao uliendelea kwa miaka mingi, na kutokana nao ikapatikana njia ya tiba inayobeba majina yao wawili. Mwenzi mmoja hukaa kwenye piano na kutunga; mwenzi wa pili hukaa na mtoto, akimsaidia kuushiriki muziki ule. Kila kikao kilinaswa katika kanda, kisha wakakisikiliza upya kwa makini na kuandika yaliyotokea.

Tabia hiyo ya kusikiliza kanda ndiyo inayounganisha utungaji na mpango. Kilichozuka leo bila kutazamiwa huandikwa, na kesho huwa sehemu ya matayarisho.

Namna ya kupanga kikao

Mpango wa kikao huwa na mambo manne ya msingi.

La kwanza ni kumjua mteja: umri wake, maradhi au ulemavu wake, lugha ya nyumbani kwake, nyimbo alizokulia, na sauti zinazomtia hofu. Mtoto anayeogopa kishindo hatawekewa ngoma kubwa siku ya kwanza. Hali kadhalika mzee wa makamo hatapewa nyimbo za watoto wa chekechea kwa sababu tu hawezi kusema. Ulimi umepooza, heshima yake haikupooza.

La pili ni lengo, nalo lazima litajwe kwa kitendo kinachoonekana au kusikika. "Kumsaidia mteja" si lengo linaloweza kupimwa. "Mteja asikilize pigo la ngoma na kulijibu kwa pigo lake" ni lengo, kwa maana baada ya kikao mtu aweza kusema limefikiwa au halikufikiwa.

La tatu ni ala na mahali. Ala chache hufaa zaidi kuliko nyingi, nazo zichaguliwe kwa namna ambayo mteja hawezi kukosea. Njia mojawapo inayotumiwa sana ni kuondoa baadhi ya vibao vya marimba zikabaki sauti tano zinazopatana. Popote atakapogonga mteja, sauti itakayotoka italingana na ile ya mtabibu. Mtu aliyezoea kuambiwa kila siku kuwa amekosea hupata hapo mahali pasipo na kosa.

La nne ni kiunzi cha kikao chenyewe. Aghalabu kikao hufunguliwa kwa wimbo wa kuamkiana na kufungwa kwa wimbo wa kuagana, na nyimbo hizo mbili hazibadiliki juma hadi juma. Sababu yake ni kwamba mteja asiyejua saa wala maelezo marefu hujua kwa wimbo huo kuwa wakati wake umeanza, na kwa ule mwingine kuwa umekwisha. Katikati ya nyimbo hizo pana nafasi iliyo wazi. Mtabibu huwa ameandaa njia mbili au tatu za kuijaza nafasi hiyo, huku akijua kuwa huenda asiitumie hata moja.

Mbinu za kutunga papo kwa papo

Wapo wanaodhani kuwa kutunga papo kwa papo ni kupiga lijialo. Dhana hiyo si sahihi. Kenneth Bruscia, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alizichambua mbinu 64 zinazotumiwa na watabibu katika utungaji huo, na Tony Wigram katika kitabu cha mwaka 2004 alionyesha jinsi zinavyoweza kufundishwa hatua kwa hatua. Zifuatazo ni baadhi ya zile zilizo muhimu.

Kuakisi ni kufanya lile lile alifanyalo mteja, wakati ule ule, ili ajione katika sauti ya mwenziwe. Kulingana ni kupiga kitu tofauti lakini chenye mwendo, nguvu na hali moja na ya mteja. Kuweka msingi ni kushika pigo moja thabiti chini ya mapigo ya mteja yanayoyumba, kama mpiga chapuo ashikavyo pigo lake ili wengine wapate kucheza juu yake. Kurefusha ni kuongeza kidogo mwishoni mwa lile alilolitoa mteja, ili naye ashawishike kuendelea. Kuacha nafasi ni kunyamaza kwa makusudi.

Mbinu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtabibu mgeni wa kazi. Mwanamuziki amefundishwa kutoa sauti, na kimya humwonea haya. Mteja anapokaa nukta kumi bila kufanya lolote, mkono wa mtabibu huwashwa na hamu ya kujaza pengo. Kumbe huenda nukta ya kumi na moja ndiyo ambayo mteja angepiga. Katika nyimbo za Kiswahili mwanzilishi hutoa na wapokezi hupokea. Mwanzilishi asiyewapa wenziwe nafasi ya kupokea amewanyang'anya wimbo. Vivyo hivyo mtabibu aliyekijaza kikao chote kwa ustadi wake amepata muziki mzuri, na amekosa tiba.

Mfano unaofahamika sana katika taaluma hii umo katika kazi ya Nordoff na Robbins iliyochapishwa mwaka 1977. Mtoto mmoja mdogo aliletwa katika chumba cha muziki akawa analia na kupiga mayowe. Mpango wowote wa kawaida ungevunjika hapo: wimbo wa kumwamkia haukuweza kusikika, na kumbembeleza hakukufaa. Nordoff alisikiliza kilio kile kama sauti za muziki, akakipigia piano kwa namna iliyopatana na sauti za kilio chenyewe. Kidogo kidogo mayowe yakaanza kuelekea kwenye sauti za piano, na hatimaye mtoto akawa anatoa sauti za kuimba zinazojibizana na za mtabibu. Kilio hakikunyamazishwa, kilipokelewa kama kauli ya mtu, kikapewa jibu.

Yafaa kuangalia kwa makini kilichowezesha tukio hilo. Nordoff alikuwa mtunzi aliyeyajua maelewano ya sauti kwa undani, na wawili hao walikuwa wamezoea kusikiliza kanda za watoto wengine. Utungaji wake ulikuwa wa papo kwa papo, lakini matayarisho yake yalikuwa ya muda mrefu.

Wimbo na usemi uliopotea

Mtu aliyepatwa na kiharusi katika upande wa kushoto wa ubongo huweza kupoteza uwezo wa kusema ilhali bado anaelewa mengi anayoambiwa. Madaktari walikwisha kuona zamani kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo, wasioweza kutamka sentensi, huweza kuimba wimbo waliouzoea pamoja na maneno yake. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, waliofanya kazi Boston nchini Marekani, walieleza njia ya tiba iliyojengwa juu ya jambo hilo. Mtabibu huchagua tungo fupi ya maisha ya kila siku, akaiimba kwa sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini, huku akigonga mkono wa kushoto wa mteja mara moja kwa kila silabi. Kwanza mteja husikiliza. Kisha huimba pamoja na mtabibu. Kisha mtabibu hunyamaza katikati na kumwachia amalizie. Kisha mteja huirudia peke yake. Na mwisho huitumia kujibu swali. Baadaye uimbaji hupunguzwa mpaka ukabaki usemi wa kawaida.

Hapa mpango ni mkali, hatua kwa hatua, lakini hata hapa mtabibu hutunga: ni yeye aamuaye, kwa kutazama midomo ya mteja, ni silabi ipi atakaponyamaza.

Njia hiyo iliundwa kwa Kiingereza, ambacho sauti yake ya juu huwekwa penye silabi yenye mkazo. Kuihamishia Kiswahili kunahitaji uchambuzi wa kiisimu. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mahali pa sauti ya juu panajulikana bila shaka. Silabi zake aghalabu huishia kwa irabu, na irabu huimbika. Fauka ya hayo, washairi wa Kiswahili wana desturi ya kale ya kuhesabu mizani, nao hawakosei kujua kuwa "mtu" lina mizani mbili, m-tu, na "chai" lina mbili, cha-i. Mtabibu anayegonga mkono wa mteja kwa kila silabi anafanya hesabu ile ile ya mshairi.

Ugumu nao upo. Kiingereza huweka sehemu kubwa ya sarufi katika maneno madogo madogo yaliyotengana, ilhali Kiswahili huipachika ndani ya kitenzi. "Nipe" lina silabi mbili tu, lakini ndani yake mna anayeombwa, anayeomba na hali ya kuomba. Kwa hiyo ngazi za ugumu wa tungo haziwezi kupangwa kwa kuhesabu mizani peke yake; lazima viambishi navyo vitiliwe maanani. Tena kiimbo cha Kiswahili hutenganisha taarifa na swali: "Amekuja" na "Amekuja?" ni maneno yale yale. Lahani ya mtabibu isije ikamfundisha mteja kuuliza pale anapotaka kujibu.

Kwa lugha zenye toni, kama Kikuyu na Dholuo, tatizo ni kubwa zaidi, maana kupandisha au kushusha sauti huweza kubadili maana ya neno. Sauti mbili za Boston haziwezi kupachikwa juu ya lugha hizo bila kuzivuruga. Katika hospitali ya Kenya, ambako mgonjwa huweza kuwa na lugha moja, muuguzi nyingine na daktari ya tatu, uchaguzi wa lugha ya tiba ni jambo la kuamuliwa kwa busara tangu mwanzo wa mpango.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mzee aliyepoteza usemi anatembelewa na mtabibu kijana. Mtabibu anaimba, "Shi-ka-mo-o," sauti ikipanda kwenye "mo" na kushuka mwishoni, kisha ananyamaza. Desturi inamdai mzee jibu. Jibu hilo amelitoa maelfu ya mara tangu utu uzima wake. Huenda likatoka: "Ma-ra-ha-ba." Hiyo ni furaha kubwa kwa jamaa walio chumbani, lakini mtabibu asidanganyike. Maamkizi ni maneno ya mazoea, na maneno ya mazoea huweza kubaki hata pale uwezo wa kuunda sentensi mpya umepotea. Watafiti wengine hata wanaona kwamba mapigo na maneno ya mazoea ndiyo yanayosaidia zaidi katika njia hii, kuliko lahani yenyewe. "Marahaba" ni mlango. Safari yenyewe ni kutoka hapo hadi "Nipe maji," tungo inayosemwa na mzee mwenyewe siku ambayo kweli ana kiu.

Ngoma za uganga

Haiwezekani kujadili suala hili katika Afrika ya Mashariki bila kutaja ngoma za uganga. Hans Koritschoner aliandika juu ya ngoma ya shetani ya Tanganyika mwaka 1936, na John Janzen, katika kitabu cha mwaka 1992, alionyesha kuwa neno "ngoma" katika lugha nyingi za Kibantu hubeba kwa pamoja maana ya chombo, uchezaji na uganga. Katika kupunga pepo, siku, mafukizo na nyimbo hupangwa mapema. Lakini ni pigo lipi litakalomgusa mteja hujulikana kwa kujaribu, fundi akibadilisha ngoma hii kwa ile huku akimtazama mteja mpaka aitikie.

Kufanana huko kusikuzwe kupita kiasi. Fundi wa pepo hushughulika na pepo, na mtabibu wa muziki hushughulika na mwili, nafsi na usemi. Imani na malengo yao ni mbalimbali. Hata hivyo ustadi wa kumsoma mteja kwa masikio na macho ni mmoja, nao una historia ndefu katika pwani hii.

Kipimo cha mafanikio

Taaluma changa hushawishika kudai mengi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusu watoto 364 wenye usonji katika nchi 9. Baada ya miezi mitano, wale waliopata tiba ya muziki ya kutunga papo kwa papo pamoja na huduma ya kawaida hawakuonyesha upungufu wa dalili za usonji uliozidi kwa uhakika ule wa wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2022, kwa upande wake, yaliona manufaa katika hali ya jumla ya watoto na ubora wa maisha yao. Mzazi anayeuliza kama muziki utamponya mwanawe ana haki ya kujibiwa ukweli huo wote, bila kupunguziwa wala kutiliwa chumvi.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mpango na utungaji wa papo kwa papo hutegemeana. Mpango humpa mteja usalama wa mwanzo na mwisho unaojulikana. Utungaji humpa nafasi ya kuwa yeye mwenyewe kati ya viwili hivyo. Mpango ukitawala peke yake, mteja hufanywa msikilizaji wa tiba yake. Utungaji ukiachwa bila mpango, mtabibu hawezi kujua kama amefika popote.

Katika bara la Afrika mafunzo ya uzamili ya tiba ya muziki yamekuwa yakitolewa katika Chuo Kikuu cha Pretoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Idara za lugha za Afrika ya Mashariki zina kazi tatu zinazoweza kuanza mara moja kwa upande wao: kukubaliana juu ya istilahi, kuandaa orodha za tungo za kila siku zilizopangwa kwa mizani, viambishi na kiimbo, na kukusanya nyimbo za kuamkiana na kuagana za jamii mbalimbali, kila moja na umri wa watu wanaoiimba. Kazi hizo hazihitaji piano. Zinahitaji watu wanaozijua lugha hizi na walio tayari kukaa na mgonjwa, kusikiliza, na kunyamaza mpaka apate nafasi ya kujibu.